Kifungu cha Kwanza Mpaka cha Arobaini

Byamungu alinipigia simu siku ya Jumanne, saa ya mapumziko, nikiwa ofisini kwangu Gitega na chupa yangu ya chai, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba anataka kunishtaki. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini niliijua kabla hajataja jina. "Zuhura, ni mi, Byamungu wa Mushasha," alisema. "Jumamosi uje huku Giheta, kwangu. Kuna mutu iko na swali yake." Nikamuuliza ni mtu gani, na swali gani. "We kuja tu. Haiko mambo ya simu," akasema, akakata. Mtu akiniambia jambo si la simu, mimi nasikia mahakama. Ndivyo nilivyo. Wanafunzi wangu wananiita Madame Hakiki, wakidhani sijui, kwa sababu sikubali jibu lolote mpaka nione lilikopitia. Tangu Jumanne ile mpaka Jumamosi nililala vibaya, nikitunga majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza, na katikati ya majibu hayo mwaka wangu wa ishirini na sita ulinirudia wote, pamoja na harufu zake.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa fizikia Muyinga, naye alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Mushasha, pale Gitega. Tulikutana kwenye mafunzo ya wiki mbili yaliyotolewa na Mrundi mmoja aliyekuwa akifundisha ng'ambo, ambaye sote tulimwita Docteur. Alitafuta watu wawili wa kumfanyia kazi kwa mbali, na aliahidi kwamba wakimaliza mwaka vizuri, atawatafutia nafasi ya kuendelea na masomo kwenye chuo chake. Wote wawili. Naliweka neno hilo hapa mwanzoni kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba tulikuwa tukigombea nafasi moja. Hatukuwa tukigombea chochote. Nafasi zilikuwa mbili na sisi tulikuwa wawili.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza baba mdogo, fundi cherehani, ambaye nilikaa kwake. Kuna mahali duniani wanachukua viini viwili vya dhahabu, vidogo kuliko chochote unachoweza kukiona, wanavigonganisha kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Pale vinapogongana, maada yote inayeyuka, inatanuka, inapoa, na chembe zinachomoka kila upande. Joto lile hakuna aliyewahi kuliona, linakwisha kabla hujafumba jicho. Kinachofika kwenye vyombo vya kupimia ni chembe tu, na chembe haina habari za yote yaliyotokea ndani. Inabeba habari za mgongano wake wa mwisho, pale ilipoachana na wenzake. Sisi tulitunga modeli ya ile maada inayotanuka: chembe inatoka hapa, kwa wakati huu, kuelekea kule. Kisha tulitazama chembe mbili mbili zinazofanana, maana zikitoka karibu karibu huacha alama, na kwa alama hiyo unakisia ukubwa wa kitu kilichozitoa na muda kilichochukua kuzitoa. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango wa duka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa ile dhahabu, munaificha wapi?"

Kompyuta yangu ya kukunja, ambayo betri yake ilishakufa, ilikaa kwenye meza ya kukatia nguo, chumba cha nyuma, kati ya mabunda ya vitenge na cherehani iliyokuwa ikingoja kutengenezwa. Hapo ndipo niliporusha dadu zangu. Maana ndivyo modeli ile ilivyofanya kazi: mashine inarusha dadu maelfu ya mara kuamua kila chembe itoke wapi na lini. Dadu zenyewe si za kweli. Unaipa mashine nambari moja ya kuanzia, nayo inazitoa nyingine zote kutoka humo. Wenzetu wenye umeme wa kuaminika huiacha mashine ijichagulie nambari hiyo kwa kutazama saa yake. Mimi sikuweza. Kifungu kimoja cha migongano kilichukua karibu saa nne, na Muyinga mwaka ule umeme haukukaa saa nne bila kwenda kutembea. Ukikatika nilianza upya, na nilitaka kuwa na hakika kwamba diski haikuharibika, yaani mistari ya kwanza ifanane kabisa na ile ya kabla ya kukatika. Kwa hiyo niliiandika programu itumie nambari ya kifungu kuwa nambari ya kuanzia. Kifungu cha kwanza, moja. Cha pili, mbili. Nilijiona mjanja sana, nikamwandikia Docteur kujisifu.

Nikiwa hapo nyuma nilisikia yote yaliyosemwa dukani. Shangazi Mwajuma alikuwa na kiti chake karibu na mlango, na wateja walimletea habari kabla ya kumletea baba mdogo vitambaa. Siku moja walinisema mimi. "Ule anafanya naye kazi ni Mukongomani," shangazi alisema. "Wa Uvira?" mteja akauliza. "Wa kule kule. Mukimbizi." Mteja akaguna. "Na anamupatiaka kazi yake yote kwa ile flash? Yote?" Shangazi akasema, "Mi nilishamwambia, mtoto yangu, we angalia. Mutu alikuja na mikono mitupu, leo iko na shemizi mpya." Hakuna aliyejali kupunguza sauti. Mimi, msomi, nilicheka peke yangu kule nyuma. Lakini tangu siku ile nilianza kuyatazama mashati ya Byamungu.

Kila Jumamosi ya pili nilichukua gari la asubuhi, nikapitia Karuzi, nikafika Mushasha kabla ya adhuhuri. Alikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba za walimu: kitanda, meza, ndoo ya maji yenye kifuniko, rafu ya mbao za kreti, na dirisha lililotazama ukuta wa matofali wa kanisa. Kengele ikilia, meza ilitetemeka na sisi tulinyamaza mpaka imalize. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari lake kwa kalamu ya risasi, hata saa umeme ulipoondoka na saa uliporudi. Alipenda kupika. Mara ya kwanza aliniwekea sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, na ubugari wa muhogo, nami nikaitazama sufuria yake, nikasema nimeshiba. Alielewa bila kuambiwa. Wiki mbili baadaye alitoa kwenye gazeti sufuria mpya, ya bluu, yenye ua jeupe kwenye kifuniko. "Hii njo yako," akasema. "Nguruwe haijaingia ndani yake na haitaingia." Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza, huyu anataka nini kwangu?

Mwezi wa tano mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko la Gitega aliniambia bila kuulizwa, "Madame, ule Mukongomani wako alikuja hapa. Amefanya kopi ya kaye yako nzima, niliona jina yako juu." Nilikuwa nimemwazima Byamungu daftari langu asome sura moja tu. Alinirudishia, akasema asante, na kopi hakuitaja. Ningeweza kumuuliza, na sasa najua angenijibu nini, kwamba alitaka kunifikia, kwamba mimi nilikuwa mbele yake na aliona aibu kuuliza kila siku. Lakini sikumuuliza. Niliitunza ile habari kama mtu anavyotunza risiti.

Katikati ya mwaka Docteur alitaka vifungu themanini. Tukagawana, arobaini kwangu Muyinga, arobaini kwake Mushasha, ambako mashine ya shule ilikuwa huru baada ya masomo. Nilimpa programu kwenye flash na karatasi ya miraba niliyoichana daftarini, nikiwa nimesimama mlangoni kwake, gari likinisubiri barabarani. Niliandika: "Endesha kifungu 1 mpaka 40. Usiguse kitu kingine. Z." Maneno ya mwisho niliyaandika kwa sababu niliogopa ataibadilisha programu yangu, kisha aseme ni yake. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sitagusa," akasema. Na kwa kuwa umeme ulitutia hofu, tulikubaliana pia kwamba kila mmoja aweke nakala ya kazi ya mwenzake, ya kwangu nikampa mwezi wa saba, nilipomaliza.

Ya kwake niliifungua mwezi wa nane, mezani kwake, kwenye kompyuta yangu niliyokuja nayo, yeye akiwa nje akipepea makaa. Nilifungua kifungu cha saba, bila sababu. Mstari wa kwanza wa nambari niliujua. Nikafungua na cha kwangu nikaviweka pamoja. Vilifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Nikajaribu cha kumi na mbili, nikajaribu cha thelathini na moja, nikaendelea mpaka cha mwisho. Vyote arobaini vilikuwa ni vyangu. Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha leo. Nilihisi kitu kinachofanana na furaha, furaha ya mtu aliyejua tangu zamani.

Aliingia na sufuria ya bluu. Nikamuuliza huku nakunja kompyuta, "Kifungu ya saba ilikuchukua muda gani?"

"Ya saba? Ngoja." Akafungua daftari lake. "Siku mbili. Kuran ya umeme ilikatika mara tatu. Ya ine njo ilifika mwisho."

"Na umeandika yote hiyo?"

"Si we ulisema tuandike kila kitu?"

Nikajisemea kwamba ameghushi mpaka daftari. Nilikula ndagala zake, nikasifu chumvi, nikaaga. Kabla ya kupanda gari nilipita kwenye nyumba ya intaneti mjini, nikamwandikia Docteur kwamba mwenzangu hakufanya kazi, alinakili yangu, na ushahidi ninao. Niliambatanisha vifungu vitatu vyangu na vitatu vyake. Jibu lilikuja siku ya nne. Byamungu ameondolewa. Mimi niendelee peke yangu na nianze kushughulikia pasipoti.

Alikuja Muyinga Alhamisi iliyofuata, na daftari lake kwapani. Dukani kulikuwa na wateja watatu, na shangazi kwenye kiti chake. Hakupandisha sauti. Alinisalimia, akamsalimia baba mdogo, akamsalimia shangazi kwa heshima yote, kisha akasema, "Zuhura, washa kompyuta. Tuanze kifungu moja hapa, mbele ya watu. Yoyote unayotaka. Alafu tutaona." Nikamwambia kuran haiko. "Basi nitangoja," akasema. Baba mdogo akampa stuli. Akakaa pale, magoti juu, daftari mapajani, wateja wakiingia na kutoka wakimpita. Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka kola. Saa sita hakuna umeme. Saa nane hakuna. Baba mdogo alimletea chai na mandazi, akanywa chai, mandazi akayaacha. Mimi nilikaa chumba cha nyuma nikijifanya nasahihisha mitihani. Saa kumi gari la mwisho la Gitega lilipiga honi, akasimama, akaja mpaka mlangoni kwangu. "Sikuiba kitu yako," akasema. "En tout cas, we unajua kuhakikisha mambo. Hakikisha." Akaondoka.

Umeme ulirudi nusu saa baada ya gari lake kuondoka. Ningeweza kuwasha kompyuta. Nilitoa pasi, nikapiga pasi nguo zangu za safari, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaisha. Alinipigia simu mara mbili jioni ile, nikaitazama ikilia juu ya kitenge.

Nilisafiri mwezi wa kumi. Nilipewa meza kwenye ofisi iliyopashwa joto kwa mashine, na mashine mpya isiyojua kukatika. Siku ya pili nilitaka kuijaribu kama inafanya kazi sawasawa, nikaiweka programu yangu, nikaandika saba, kwa mazoea tu. Ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nambari zilikuwa zile zile, mpaka tarakimu ya mwisho, kwenye mashine ambayo Byamungu hajawahi kuigusa, wala mimi kabla ya jana yake. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kila mashine duniani ukiipa saba itakupa kile kile, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aanze na moja aishie arobaini, badala ya arobaini na moja mpaka themanini. Alifanya kila kitu nilichomwandikia. Alingoja umeme siku mbili kwa ajili ya kifungu cha saba, akaanza upya mara tatu, ili apate kitu ambacho tayari nilikuwa nacho. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu, nikaona haya hata ya kujitazama kwenye kioo.

Kisha nikafanya hivi. Niliendesha vifungu arobaini na moja mpaka themanini, kwa siku mbili, nikavijumlisha na vya kwanza, mchoro ukasogea kidogo tu. Nikamwambia Docteur nimesahihisha jambo dogo. Akasema vizuri. Jina la Byamungu halikutajwa, na mwaka ukaisha. Kwa hesabu hiyo nimepata shahada, kwa shahada hiyo nimepata ofisi Gitega, na mji ulipofanywa mji mkuu nilikuwa tayari nimo ndani. Kila nilipomkumbuka, nilimkumbuka kwa ile saa kumi ya dukani peke yake, amesimama mlangoni, kama vile sikuwahi kumjua kabla ya hapo. Sombe yake, kalamu yake ya risasi, namna alivyonyamaza kengele ikilia, vyote viliondoka.

Jumamosi nilikwenda Giheta kwa pikipiki, nikiwa nimejipanga. Kama ana mwanasheria, nitasema hivi. Kama ana mwandishi wa habari, nitasema vile. Byamungu sasa anauza paneli za jua na betri, na nyumba yake iko nyuma ya duka, safi, yenye zege jipya uani. Amenenepa na ndevu zimekuwa nyeupe. Alinikaribisha sebuleni, na kwenye kochi alikaa msichana ninayemjua, wa safu ya pili katika darasa langu la Jumatano, yule asiyeuliza kitu. "Huyu ni mtoto yangu, Furaha," Byamungu akasema. Nikapata nafuu, na nafuu ile ilikuwa chafu. Kumbe ni maksi, nikajisemea. Anataka maksi.

"Madame," Furaha alisema, "munisamehe. Kule fakilte kuna mutu alisema Papa alifukuzwa kwa Docteur juu ya kukopia. Nikauliza Papa. Papa akasema, uliza ule aliyesema." Nikamtazama Byamungu. Alikuwa akipanga sahani mezani, moja moja, bila haraka. Furaha akafungua daftari la zamani, lile la kalamu ya risasi, akatoa ndani yake karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. "Hii mwandiko ni yenu?"

"Ni yangu," nikasema.

"Na nyinyi Muyinga mulifanya kifungu gani?"

"Ya kwanza mpaka ya arobaini."

Akaitazama karatasi. Akapindua kurasa mbili za daftari, akarudi kwenye karatasi, na nikaona uso wake ukifanya kile ambacho uso wa mwanafunzi hufanya, kile tunachokifundishia. "Lakini Madame," akasema polepole, "basi ilikuwa lazima ifanane."

"Ego," nikakubali. "Ilikuwa lazima."

Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumimina chai. Nilimgeukia baba yake. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Karuzi, mule ndani ya gari. Nilikupigia mara mbili."

"Na Docteur?"

"Nilimwandikia," Byamungu akasema. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Alinijibu kwamba atakuuliza we. Neno yako njo atashika."

Kuna ujumbe mmoja sikuutaja hapo juu. Nimeandika habari hii yote nikiuzunguka. Ulikuja mwezi wa tisa, kabla sijasafiri, mistari miwili. Docteur aliniuliza: Byamungu anasema tatizo ni nambari za kuanzia, umeangalia? Niliusoma kwenye nyumba ya intaneti Muyinga, nikaona ni ujanja wa mtu aliyebanwa, na nikajibu kwa neno moja. Ilikuwa saa nne asubuhi na umeme ulikuwepo.

Furaha alikuwa bado ananingoja, kidole juu ya mwandiko wangu. "Docteur aliwauliza, Madame? Muliangalia?"

"Sikuangalia," nikasema. "Niliandika kwamba nimeangalia. Baba yako hakuiba kitu. Mi njo nilikosa, na mi njo nilidanganya."

Byamungu hakunitazama. Alimtazama binti yake. "Umesikia," akamwambia, na mabega yake yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo uani kwake. Kisha akavuta sufuria ya bluu katikati ya meza, rangi yake imebanduka pembeni, ua la kifuniko limebaki nusu, akaifunua.